Marafiki na viti vya duara

Huku magharibi mwa Kenya tunaijua vizuri amani ya jukwaani. Tenti mbili, viti vya plastiki kwa safu, mgeni wa heshima kachelewa saa tatu, fulana nyeupe zenye maandishi, hotuba, soda, picha ya pamoja. Wiki mbili baadaye mwenye duka lililochomwa bado anavuka barabara akimwona jirani aliyesimama kando siku ile ya moto. Leo nataka kuwashukuru watu wanaoifanya kazi hii kwa njia nyingine: Marafiki, waumini wa kanisa la Kikristo ambao wengi huku huwaita Makwaka au watu wa Friends. Na kwa kuwa ubora wa kazi yao uko kwenye vitu vidogo visivyopigwa picha, nitashukuru kwa kuvieleza.

Kwao ni Kaimosi, kaunti ya Vihiga, karibu kabisa na mpaka wa Nandi. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika hapo mwaka 1902, miezi michache baada ya reli kufika ziwani pale Kisumu. Misheni yao waliiita ya viwanda, na hawakutania: mashine ya kupasua mbao ilikwenda sambamba na Biblia. Zikaja shule, ikaja hospitali. Hospitali ya Kaimosi ingali pale, ya Lugulu iko Bungoma, na ukitaja shule ya Kamusinga kwa mzazi wa Kimilili huhitaji kumweleza zaidi. Mwaka 1946 Marafiki wa huku walipata mkutano wao wa mwaka, yaani chombo chao cha kujitawala kikanisa, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Msimamo wao kuhusu vita ni wa zamani sana. Januari 1661 Marafiki wa Uingereza walimpelekea Mfalme Charles II tamko kwamba hawatashika silaha, si kwa ajili ya ufalme wa Kristo wala kwa ajili ya falme za dunia. Mwaka 1947 mashirika yao mawili ya huduma, moja la London na lingine la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ila mgeni akiingia ibada yao Vihiga akitarajia kile kimya cha saa nzima cha Waingereza, atashangaa. Huku kuna kwaya, kuna ngoma, na kuna mahubiri ambayo hayajui saa. Kimya kipo, lakini kifupi, na mahali utakapokiona kikifanya kazi hasa ni kwenye vikao vya uamuzi.

Vikao hivyo havipigi kura. Karani wa mkutano husikiliza wote, na mambo yakichemka husimamisha mazungumzo na kuomba watu wanyamaze. Kisha huandika uamuzi palepale na kuusoma kwa sauti: je, haya ndiyo tuliyokubaliana? Mmoja akisema siyo, sentensi hurekebishwa kabla hawajaendelea. Ni polepole, tena inachosha. Lakini mtu aliyelelewa kwenye vikao vya namna hiyo amezoea tangu ujana kumsubiri asiyekubaliana naye, na zoezi hilo limeonekana faida yake nje ya kanisa.

Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulipoharibika, moto ulipita Kisumu, Nakuru, Naivasha, Molo, Burnt Forest, Turbo. Kufikia makubaliano ya kitaifa ya 28 Februari 2008, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Januari hiyohiyo, nchi ikiwa bado haijatulia, Marafiki walikutana Kakamega kujiuliza wafanye nini, na humo ndimo vikapatikana vikundi vya amani vya kanisa lao vinavyofanya kazi mpaka leo. Walianza na msaada wa kawaida kwa waliokuwa kambini. Baadaye wakasikiliza. Semina zilikuja mwisho.

Mpangilio huo una sababu. Mtu ambaye watoto wake hawajala hawezi kukaa akaeleza hasira yake. Atasema chochote unachotaka kusikia ilimradi gunia lifunguliwe. Na aliyeshiba lakini hajasikilizwa, ukimpeleka semina ya msamaha, anaona umekuja kumnyamazisha. Kwa hiyo chakula, kisha masikio, kisha mafunzo. Mashirika mengi huruka hatua ya pili kwa sababu haina kitu cha kuhesabu kwenye ripoti.

Kusikiliza kwenyewe kuna ufundi wake. Wanakwenda wawili, mwanamume na mwanamke, kwa sababu kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanamume hata awe mchungaji. Daftari linabaki mfukoni. Kambini, daftari likionekana watu wanajua ni usajili wa msaada, na badala ya kusikia yaliyompata mtu utasikia orodha ya ng'ombe, mabati na magunia ya mahindi. Msikilizaji hatoi ahadi, hata ndogo ya "tutaona". Na hafungui Biblia kabla hajaombwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa wahubiri wetu, maana mtu akilia mbele ya mchungaji, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye Zaburi.

Semina sasa. Kuna aina mbili zinazotumika sana huku, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni AVP, mpango wa kufundisha njia badala ya vurugu, ulioanza mwaka 1975 katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa walipowaomba Makwaka wa karibu wawasaidie kuzungumza na vijana. Ya pili ni HROC, mpango wa kuponya na kujenga upya jamii, uliotengenezwa Rwanda na Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000. AVP inafundisha namna ya kukaa na ugomvi. HROC inashughulikia kidonda cha mtu aliyeumizwa. Ukimpeleka mjane aliyeona nyumba ikiteketea kwenye AVP yenye michezo na vicheko, utamuumiza upya. Na ukiwapeleka vijana wa bodaboda waliogombania steji kwenye HROC, siku ya pili hutawaona.

AVP ya msingi ni siku tatu, saa 18 hadi 20 kwa jumla, washiriki 20 au karibu na hapo, na wawezeshaji watatu. Timu lazima iwe mchanganyiko: kama ugomvi ni wa Wakalenjin na Waluhya huko Lugari na Turbo, basi mbele wawepo wa pande zote mbili, na lugha iwe Kiswahili tangu dakika ya kwanza. Mwezeshaji akimtania mshiriki kwa lugha ya mama, hata kwa nia njema, nusu ya chumba inafunga masikio. Viti 23 kwa duara, bila meza. Meza ni ngome, watu hujificha nyuma yake. Karatasi kubwa za ukutani kama 25, kalamu nene sita, gundi ya karatasi isiyobandua rangi ya ukuta wa kanisa (mzee wa kanisa atakushukuru). Chakula cha mchana kwa watu hao: unga kilo 6, ndengu kilo 3, mboga, na chai lita 7 kila mapumziko. Chakula kiwe sufuria moja, foleni moja, na wawezeshaji wasitengewe sahani za wageni.

Jambo la kwanza ni majina. Kila mtu huchagua sifa inayoanza na herufi ya jina lake la kwanza: Mchangamfu Moses, Jasiri Jane, Bingwa Beatrice. Anaitwa hivyo siku zote tatu, na chifu akiwamo naye anavua cheo, anakuwa Pole Peter. Wageni hudhani ni mchezo wa kitoto. Lakini huku kwetu ni jina la pili linalokutaja kabila, na kuna miezi ambayo jina la pili kwenye kitambulisho lilitosha kumfanya mtu ashushwe kwenye matatu. Ndani ya duara jina hilo halitajwi hata mara moja. Kufikia siku ya pili watu wanamjua Jane kwa ujasiri wake, na wengine wanashangaa wakisikia baadaye ni wa wapi.

Halafu kuna maagano ya duara, yanayoandikwa na washiriki wenyewe: hakuna kumkatiza mtu, hakuna kumtolea mwenzako siri nje, kila mtu ana haki ya kupita bila kuulizwa sababu. Hilo la kupita mwezeshaji mpya hulisahau. Akimsukuma mtu aongee mara moja tu, wengine watatu wanaonyamaza wanaamua kunyamaza mpaka mwisho.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la miraba iliyokatwa. Unachukua manila ya rangi moja, unakata miraba mitano ya sentimita 15 kila upande, kila mraba unaukata vipande vitatu, jumla 15. Unavichanganya kwenye bahasha tano. Watu watano wanazunguka meza (hapa tu inaruhusiwa), kila mmoja na bahasha yake, na kazi ni kila mtu apate mraba kamili mbele yake, yote ikiwa na ukubwa sawa. Masharti: hakuna kuongea, hakuna kuashiria, hakuna kuchukua kipande cha mwenzako. Unaruhusiwa kutoa tu. Washiriki 20 wanatoa makundi matatu, na watano wanaobaki wanatazama.

Kinachotokea karibu kila mara ni hiki. Vipande vimekatwa kwa hila: baadhi vinaingiliana, kwa hiyo mtu anaweza kukamilisha mraba wake kwa vipande ambavyo bila hivyo wengine hawawezi kamwe kukamilisha yao. Anaukamilisha, anakunja mikono, anaegemea kiti, ameshinda. Wenzake wanahangaika. Dakika tano, kumi. Yeye anawatazama kwa huruma, hata anaanza kukasirika kwamba ni wazito. Kundi halitamaliza mpaka yeye auvunje mraba wake uliokamilika na kuvisukuma vipande katikati, na hakuna anayeruhusiwa kumwambia. Wengine huchukua nusu saa. Baada ya hapo, mwezeshaji anayejua kazi hahubiri neno lolote kuhusu ardhi au vyeo. Anauliza tu: ulijisikiaje ulipomaliza? Na wewe uliyekuwa unasubiri? Mambo ya mashamba ya Lugari na ya Molo yanajitokeza yenyewe, kutoka vinywani mwa wenye nayo.

Makosa ya zoezi hili ni ya mkasi. Ukikata kila mraba rangi yake, umewapa majibu. Ukikata kwa jicho bila rula, vipande havikai sawa na watu wanalaumu karatasi.

HROC nayo ni siku tatu, na hapa uteuzi wa watu ndio nusu ya kazi: kumi wa upande huu, kumi wa upande ule, wa rika tofauti. Siku ya kwanza wanajifunza kidonda cha moyo ni nini na kinavyoonekana mwilini: kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, ulevi, kuwapiga watoto bila sababu. Utaona watu wakigeuka kutazamana, kwa sababu kila upande ulidhani ni wao tu. Siku ya pili ni ya maombolezo na hasira. Ya tatu wanachora miti miwili, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, mizizi chini na matunda juu, wakiandika wenyewe mizizi ni ipi katika kijiji chao. Kuna pia matembezi ya kufumbwa macho, mtu akiongozwa na wa upande mwingine. Hapo wawezeshaji waukague uwanja mapema, waondoe mawe na waya, na wasimlazimishe mtu. Aliyewahi kufungwa kitambaa usoni na wenye panga hatakiwi kufungwa tena kwa ajili ya mafunzo. Anaweza kufumba macho mwenyewe, au akawa mtazamaji.

Siku ya pili ilikuwa na uzito wa pekee Mlima Elgon. Kule ugomvi wa ardhi ya Chepyuk ulizaa kundi lenye silaha la SLDF, na Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni Okoa Maisha. Wananchi waliumizwa na pande zote mbili, na wanaume wengi walichukuliwa wasionekane tena. Kwetu mtu asiyezikwa hajaombolezwa. Mke hajui aitwe mjane au la, shamba haligawanywi, watoto wanaambiwa baba yuko safari. Maombolezo ya aina hii hayaishi kwa sala moja ya kufunga kikao. Hapo nimeona ubora wa Marafiki kuliko mahali pengine: wanampa mtu muda amtaje aliyepotea kwa jina, aeleze alikuwa mtu wa namna gani, duara likiwa limenyamaza. Ule ukimya wao wa kikanisa, ambao huku karibu wameusahau kwenye ibada, ndipo unapopata kazi.

Sasa yanayoharibu. Posho ndiyo adui mkubwa. Ukitangaza posho ya kukaa, utapata wale wanaohudhuria kila semina ya kaunti, na waliochoma na waliochomewa watabaki nyumbani. Nauli halisi na chakula vinatosha. Kumwachia chifu au mzee wa kijiji achague washiriki wote ni kosa la pili. Atakuletea shemeji zake na wanaomheshimu. Bora apewe nafasi tano, kanisa na msikiti tano, vikundi vya akina mama na vijana zilizobaki. Kufupisha siku tatu ziwe moja kwa sababu mfadhili ana haraka: siku ya kwanza peke yake inafungua vidonda bila kuvifunga, afadhali usifanye. Kuanzia saa saba mchana wakati wa mvua ndefu chini ya mabati bila dari: mvua ya alasiri ikianza hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo mambo mazito yawekwe asubuhi. Na wageni wa heshima. Wakija, waketi kwenye duara, wachukue jina la sifa, wakae siku nzima. Wengi wakisikia masharti hayo hutuma salamu.

Ufuatiliaji ndio unaowatofautisha na wengine. Mwezi mmoja baadaye wawezeshaji hurudi, wanawakusanya walewale kwa nusu siku, wanauliza nini kimebadilika na nini kimekwama. Hapo ndipo magomvi halisi yanapoletwa: mpaka wa shamba, mahari, mabati yaliyoibwa 2008 ambayo kila mtu anajua yako juu ya paa la nani. Wapatanishi wawili husikiliza kila upande peke yake kwanza, ndipo wanawakutanisha. Makubaliano yanaandikwa kwa Kiswahili chepesi, nakala kwa kila upande, yakitaja nani atafanya nini na lini. "Tumesameheana" si makubaliano. "Mabati kumi yatarudishwa kabla ya mavuno" ni makubaliano. Na kesi za ubakaji au mauaji hawazigusi. Hizo ni za polisi na mahakama, na mpatanishi anayezikubali anamlinda mkosaji.

Tusiwapake asali tu. Hawa wanaofundisha amani wamegombana wenyewe kwa wenyewe vizuri sana. Ule mkutano mmoja wa mwaka ulioundwa 1946 leo ni mingi, na baadhi ya migawanyiko ilizaliwa na vita vya uongozi na mali vilivyodumu miaka. Muumini wa Bungoma atakusimulia asichokuambia wa Vihiga. Kwangu mimi hilo haliwapunguzii kitu. Waliojifunza upatanishi huku wakiuhitaji nyumbani wanajua pale unapouma. Na wameendelea kuwakaribisha wengine: Aprili 2012 mkutano wa dunia wa Marafiki ulifanyika Kabarak, kaunti ya Nakuru, mahali ambapo miaka minne nyuma lori za wakimbizi wa ndani zilikuwa zikipita. David Zarembka, Mmarekani aliyeanzisha mpango wa Marafiki wa Maziwa Makuu mwaka 1998, alihamia Lumakanda, huko Lugari, na kuishi huko na mkewe Gladys Kamonya. Wote wawili walifariki 2021 kwa Korona, wakifuatana kwa siku chache, na kazi waliyoishughulikia inaendelea mikononi mwa Wakenya.

Ukitaka kuwashukuru nawe, vyeti wanavyo vya kutosha. Wape ukumbi wenye dari kwa siku tatu mfululizo, bila kuwadai na bila bango lako mlangoni. Lipa nauli za washiriki kutoka upande wa mbali, maana hao ndio hukosekana pesa zikipungua. Nunua manila, rula na mkasi mkali. Kama wewe ni mwalimu mkuu, wape muhula mzima wawafundishe wapatanishi wa wanafunzi kabla ya msimu wa migomo, si wiki moja baada ya bweni kuungua. Na semina ikiisha, waulize tarehe ya kurudi, kisha siku hiyo pika chai lita 7.